Kabla ya kufunga taa kali kwenye gari la familia

Desemba ikikaribia, familia nyingi za Dar es Salaam huanza kuliandaa gari kwa safari ya mkoani. Oili inabadilishwa, tairi zinakaguliwa, breki zinapimwa. Siku hizi kuna jambo jingine linaloongezwa kwenye orodha, nalo ni taa. Baba au mama aliyewahi kuendesha usiku kati ya Chalinze na Segera, akakutana na malori yanayomulika kama jua la mchana, hurudi mjini na wazo moja: safari ijayo na yeye awe na taa kali.

Wazo hilo lina msingi. Barabara kuu nyingi ni za njia mbili, moja kwenda na moja kurudi, bila ukingo wa katikati na bila taa za barabarani. Pembeni wapo watembea kwa miguu, baiskeli, bodaboda, mbuzi, na mara nyingine lori lililoharibika lisilowekewa alama yoyote zaidi ya matawi ya mti. Mzazi mwenye watoto watatu kiti cha nyuma ana haki ya kutaka kuona vizuri.

Madukani ya spea, kuanzia Gerezani pale Kariakoo hadi mji mdogo wowote wenye gereji, dawa ipo tayari. Kuna globu za wati 100, kuna LED zenye feni nyuma, kuna HID zenye mwanga wa bluu. Fundi hufunga kwa dakika 20 na mteja huondoka akitabasamu, kwa sababu ukuta wa gereji umekuwa mweupe pee.

Tatizo ni kwamba ukuta wa gereji si barabara. Taa nyingi zinazofungwa kwa namna hiyo hung'aa zaidi bila kumwonesha dereva mbali zaidi, na wakati huohuo humpofusha anayekuja mbele, ambaye huenda naye ana watoto kiti cha nyuma.

Taa ni zaidi ya globu

Taa ya mbele ya gari ina sehemu tatu zinazofanya kazi pamoja: globu inayotoa mwanga, kiakisi kilicho nyuma yake kinachoupeleka mwanga mbele, na kioo cha nje. Kiakisi hicho kimechongwa kwa hesabu kali, kwa kudhani kuwa mwanga utatoka mahali pamoja padogo mno, yaani kwenye waya mwembamba ulio ndani ya globu.

Magari mengi madogo kutoka Japani hutumia globu ya halojeni aina ya H4. Ndani yake zimo nyaya mbili. Mmoja ni wa mwanga wa mbali, ambao madereva huuita fulu, wenye wati 60. Wa pili ni wa mwanga wa karibu, yaani dimu, wenye wati 55. Chini ya waya wa dimu kuna kijiko kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya kiakisi, kwa sababu mwanga ukifika huko ungerushwa juu, moja kwa moja machoni mwa dereva anayekuja.

Kwa hiyo taa iliyo sawa, ikiwa dimu, hutoa mwanga wenye mstari juu yake. Chini ya mstari kuna mwanga, juu yake kuna giza. Kwa magari yanayopita kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, mstari huo hupanda kidogo upande wa kushoto ili kuonesha pembezoni mwa barabara, wanakopita watu. Gari lililotengenezewa nchi inayopita kulia, kama Rwanda, Burundi au Congo, hupandisha mwanga upande wa kulia. Likiletwa kutumika huku, linamulika uso wa anayekuja hata kama globu zake ni za kawaida.

Globu ikibadilishwa na nyingine ambayo mwanga wake hautoki mahali palepale, hata kwa tofauti ya milimita chache, hesabu yote ya kiakisi inavurugika. Mstari unapotea, na mwanga unatawanyika juu, pembeni na mbele ya bampa.

Sekunde tatu za upofu

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takribani mita 22 kila sekunde. Dereva akipigwa na mwanga mkali machoni, haoni sawasawa hata baada ya gari lile kupita. Macho huhitaji muda kuzoea giza tena. Ikichukua sekunde tatu tu, gari limeshatembea mita 66 bila dereva kujua kilichopo mbele. Hiyo ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira.

Ndani ya mita hizo 66 anaweza kuwepo mama anayerudi sokoni na ndoo kichwani. Anaweza kuwepo mtoto wa shule. Mijini, watoto wengi husimama kando ya barabara saa 11 alfajiri wakisubiri gari la shule, wamevaa sweta za rangi nzito, giza bado halijaondoka. Gari lenye taa kali likipita upande mmoja, dereva wa upande wa pili hawaoni kabisa.

Wenye umri mkubwa huathirika zaidi. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha mwanga kidogo kuliko la kijana, na huchelewa zaidi kurudi katika hali yake baada ya kumulikwa. Babu anayeendesha kurudi kijijini jioni ndiye anayeumia kuliko wote.

Hapa ndipo methali ya mkuki kwa nguruwe inapokaa vizuri. Dereva anayelalamika kumulikwa njia nzima ndiye huyohuyo anayekwenda kununua taa za kumulika wenzake.

Hata mwenye taa kali naye hapati faida anayoidhani. Mwanga mwingi ukianguka karibu na bampa, mboni za macho yake hujibana. Barabara iliyo mita kumi mbele inang'aa vizuri, lakini kule mbali, mahali anapopaswa kumwona mtu mapema, panaonekana peusi zaidi kuliko awali. Anahisi anaona vizuri, anaongeza mwendo, kumbe umbali anaouona umepungua.

Wati nyingi, waya zilezile

Njia rahisi na ya zamani ni kuweka globu ya halojeni yenye wati kubwa, kwa mfano 100 badala ya 60. Inaingia kwenye soketi ileile na kiakisi kinaielewa. Kinachosahaulika ni umeme.

Globu ya wati 60 kwenye gari la volti 12 huvuta ampea 5. Ya wati 100 huvuta zaidi ya ampea 8. Kwa taa mbili, waya zilizopangiwa ampea 10 sasa zinapitisha karibu 17. Joto ndani ya waya haliongezeki kwa kiwango kilekile. Linaongezeka kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Matokeo yake mafundi wa umeme wa magari wanayajua: soketi inayeyuka, swichi ya taa inaungua, plastiki inatoa harufu. Ndani ya taa yenyewe, joto la ziada hubabua kiakisi na kukifanya kiwe na rangi ya kahawia, na baada ya hapo hata globu nzuri haiwezi kusaidia.

Fyuzi ikikatika baada ya kufunga globu hizo, lipo kosa kubwa zaidi: kuweka fyuzi kubwa. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya haijawaka. Anayeweka kubwa ameondoa ulinzi huo, na gari lililobeba watoto linaweza kushika moto.

LED na HID

LED zenyewe ni teknolojia nzuri. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED lina kiakisi au lenzi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Shida huanza LED inapopachikwa ndani ya taa ya halojeni. Vipande vyake vinavyotoa mwanga hukaa pande mbili za kijiti, wakati waya wa halojeni unatoa mwanga pande zote. Nyingine zimetengenezwa kwa uangalifu, vipande vikakaa karibu sana na mahali ulipokuwa waya. Nyingi za bei ya chini hazijajali hilo.

Ujerumani inatoa mfano. Tangu mwaka 2020 nchi hiyo imeruhusu baadhi ya globu za LED kuchukua nafasi ya halojeni, lakini kwa modeli za magari zilizopimwa na kuorodheshwa tu. Globu ileile inaweza kufaa kwenye gari moja na kuwa kero kwenye jingine, kwa sababu viakisi vyao havifanani.

Maandishi ya kwenye boksi nayo yasimpumbaze mnunuzi. Globu ya kawaida ya H4 hutoa takribani lumeni 1,650 kwenye fulu na 1,000 kwenye dimu. Boksi linalotangaza lumeni 20,000 kwa kijiglobu cha wati 30 linasema jambo lisilowezekana. LED pia hupungua mwanga inapopata joto, ndiyo maana zina feni. Feni hiyo ikizuia kifuniko cha nyuma cha taa kufunga, vumbi na maji huingia. Na redio ikianza kukoroma mara tu taa zinapowashwa, ni dalili ya LED zenye vifaa duni.

HID hufunga mlango zaidi. Kuwaka kwake kunahitaji volti zaidi ya 20,000 kwa muda mfupi, kupitia kifaa chake maalumu. Ndani ya kiakisi cha halojeni, mwanga wake hutawanyika vibaya kuliko aina zote.

Kuhusu rangi, bluu si nguvu. Globu ya halojeni iliyopakwa rangi ya bluu hupunguza mwanga, kwa sababu rangi hiyo ni chujio. Mwanga wa bluu pia huchosha macho ya wanaokuja mbele, na kwenye mvua au lami iliyolowa madereva wengi huona bora kwa mwanga wenye unjano kidogo.

Kwa nini taa zimefifia?

Magari mengi yanayonunuliwa na familia hapa nchini yana umri wa miaka zaidi ya 10. Taa zake zilikuwa nzuri siku zilipotoka kiwandani. Swali la kwanza kwa mzazi ni kitu gani kimepunguza mwanga uliokuwepo. Mara nyingi majibu ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji globu kali.

La kwanza ni kioo cha nje. Kinaitwa kioo, lakini kwa magari ya sasa ni plastiki. Jua huikausha, ikawa ya njano na yenye ukungu. Mwaka 2018 chama cha magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizofubaa na kukuta zinatoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Kusafisha peke yake kulirudisha mwanga hadi karibu asilimia 70. Globu kali nyuma ya plastiki iliyofubaa huongeza mng'ao wa kupofusha tu, kwa sababu ukungu unautawanya mwanga kila upande.

Usafi wa kweli hufanywa kwa msasa wa maji. Rangi ya gari huzibwa kwanza kwa selotepu pana. Msasa namba 800 hutangulia, kisha 1500, kisha 2000, plastiki ikiwa imelowa muda wote. Baada ya hapo hupakwa polishi, na mwisho dawa ya kukinga jua. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, na bila hiyo unjano hurudi baada ya miezi michache. Dawa ya meno husaidia kwa siku chache tu.

La pili ni umeme. Mwanga wa globu ya halojeni hushuka haraka kuliko volti zinavyoshuka. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Fundi mwenye mita anaweza kupima kwa dakika tano: injini ikiwa inawaka na taa zikiwa zimewashwa, anapima kwenye betri, kisha kwenye soketi ya taa. Tofauti ikizidi nusu volti hivi, kuna kutu, waya iliyochoka au muunganiko mbovu wa upande hasi kwenye bodi. Kusafisha muunganiko huo, au kufunga rilei inayochukua umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi yake, hurudisha mwanga uliopotea bila kuongeza hata wati moja.

La tatu ni mwelekeo. Gari likigongwa kidogo, likibadilishwa springi, au fundi akipachika globu vibaya, taa huelekea kusikotakiwa. Digrii moja inaonekana ndogo, lakini umbali wa mita 60 mbele inaupandisha mwanga kwa takribani mita moja. Mwanga uliopaswa kugusa lami unafika usoni mwa dereva wa gari dogo. Ikielekea chini kupita kiasi, dereva mwenyewe ndiye asiyeona mbali, naye hulaumu globu.

Kipimo cha ukutani

Mwelekeo unaweza kukaguliwa nyumbani. Panahitajika sehemu tambarare, ukuta na chaki. Tairi ziwe na upepo unaotakiwa, na dereva awe amekaa kwenye kiti chake.

Gari hukaribishwa ukutani, na kimo cha katikati ya kila taa hutiwa alama ya chaki. Kisha hurudishwa nyuma hadi taa ziwe mita 5 kutoka ukutani. Dimu ikiwashwa, mstari wa juu wa mwanga unapaswa kuwa takribani sentimita 5 chini ya zile alama. Ukiwa juu ya alama, taa zinapofusha watu. Ukiwa chini sana, zinachimba lami. Nyuma ya taa huwa kuna skrubu ya kurekebisha. Asiyeizoea amwachie fundi, lakini akiwa ameshajua anachotaka.

Kipimo hichohicho ndicho cha kumkagulia muuza globu. Baada ya kufunga globu yoyote mpya, mstari bado uwe wazi, upande wa kushoto ukipanda kidogo. Mstari ukipotea na mwanga ukawa kama wingu, globu hiyo haifai kwa taa hiyo, hata ingekuwa nyeupe namna gani. Ni vyema kukubaliana na muuzaji mapema kwamba ikishindwa kipimo itarudishwa.

Mizigo nayo inainua taa

Gari lililobeba watu watano, mabegi na magunia mawili ya mchele hukaa chini nyuma na kuinua pua mbele. Taa zilizokuwa sawa jana mjini, leo zinamulika juu. Watu hawalijui hili, na ndio msimu ambao barabara zina magari mengi kuliko wakati wote.

Magari mengi yana kitufe kidogo cha mviringo karibu na usukani, chenye alama ya taa na namba kuanzia 0. Kadiri mzigo wa nyuma unavyoongezeka, ndivyo namba inavyopaswa kupanda, na taa hushuka. Mzigo ukiteremshwa, hurudishwa kwenye 0. Ni kazi ya sekunde moja, nayo ni ya bure.

Kioo kikubwa cha mbele nacho kifutwe ndani, si nje pekee. Utando mwembamba wa mafuta na vumbi upande wa ndani huutawanya mwanga wa magari yanayokuja na kuongeza upofu.

Ikibidi kununua

Globu za halojeni huchoka taratibu kabla hazijakatika, hivyo kuzibadilisha kunaweza kusaidia. Zinunuliwe mbili kwa pamoja ili mwanga ulingane, za aina ileile iliyoandikwa kwenye globu ya zamani, na wati zilezile. Globu zenye viwango huwa na alama ya herufi E ndani ya duara ikifuatiwa na namba. Zile zinazotangazwa kutoa mwanga zaidi kwa wati zilezile zinaweza kuwa nzuri, ila nyingi hudumu muda mfupi kuliko za kawaida.

Taa huzimwa na kuachwa zipoe kwanza. Kioo cha globu ya halojeni kisishikwe kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huunguza sehemu hiyo na kufupisha maisha ya globu. Kikishikwa, kifutwe kwa spiriti.

Na anayemulikwa barabarani asijibu kwa fulu. Apunguze mwendo, aangalie ukingo wa kushoto wa barabara badala ya kutazama taa zinazokuja, na asubiri macho yatulie kabla ya kuongeza tena. Madereva wawili wasioonana wanaopishana ni hatari kuliko mmoja.

Baada ya kioo kusafishwa, waya kukaguliwa na taa kuelekezwa, huenda bado kuna pesa iliyobaki kwenye bajeti ya globu. Matumizi yake bora yanaweza yasiwe kwenye gari kabisa. Mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana akiwa karibu mno, mara nyingi baada ya dereva kushindwa kusimama. Akiwa na ukanda unaoakisi mwanga, dimu ya kawaida humwonesha akiwa zaidi ya mita 100. Kipande cha ukanda huo kikishonwa kwenye begi la shule, kingine kwenye sweta, na kingine nyuma ya baiskeli ya nyumbani, mtoto anayesubiri gari saa 11 alfajiri ataonekana na kila dereva, mwenye globu mpya na mwenye globu ya zamani.